Rangi za Maji Kwenye Njia ya Tabora

Ukiingia duka la vifaa vya ujenzi pale Tabora mjini ukaulizia rangi ya maji, utaletewa ndoo ya kupakia ukuta. Muuzaji hana kosa. Kwa Kiswahili chetu cha mtaani rangi ya maji ni ya nyumba, na rangi ya mafuta ni ya milango na madirisha. Ukimfafanulia kwamba unataka ya kuchorea picha, atakuelekeza duka la madaftari, na huko utapata kile kiboksi cha plastiki tunachokijua wote: vidonge kumi na viwili vimepangwa safu mbili, na brashi moja ambayo nywele zake zimesimama kama za mtu aliyeamshwa usingizini. Anayeanza anarudi nacho nyumbani, anachora mwembe, karatasi inajikunja, kijani kinatambaa mpaka angani, basi, anafunga boksi na kusema kazi hii ni ya Wazungu.

Kwamba ililetwa na Wazungu ni kweli. Lakini jinsi ilivyofika hapa, na mambo yaliyoipata baada ya hapo, ni habari ambayo sisi tunaojifunza kuandika na kuchora tungeijua mapema. Inatuhusu kuliko tunavyodhani.

Mmoja wa walioileta ni James Augustus Grant, Mskoti aliyezaliwa Nairn mwaka 1827, afisa katika jeshi la Waingereza kule India. Mwaka 1857 alijeruhiwa mkononi katika mapigano ya Lucknow. Miaka mitatu baadaye akafuatana na John Hanning Speke kutafuta chanzo cha mto Nile. Waliondoka pwani, Bagamoyo, mwanzoni mwa Oktoba 1860, na mwishoni mwa Januari 1861 wakaingia Kaze, katika nchi ya Unyanyembe, yaani hapa panapoitwa Tabora leo. Karibu miezi minne ya mguu, safari ambayo treni ya reli ya kati ilikuja kuifupisha ilipofika Tabora mwaka 1912.

Sasa sikiliza. Grant hakuondoka pwani akiwa mchoraji wa msafara. Aliondoka akiwa mpiga picha. Walikuwa na kamera, na alikwisha kuitumia Unguja. Ila kupiga picha miaka ile hakukuwa kubofya. Kioo kilipakwa dawa gizani, kikaingizwa kwenye kamera kingali kibichi, kikatolewa na kusafishwa kwa dawa nyingine kabla hakijakauka. Giza hilo lilipatikana ndani ya kihema kidogo kilichofungwa pande zote, juu jua la tropiki, ndani mvuke wa dawa. Speke mwenyewe ameeleza katika kitabu chake kwamba baada ya muda alivirudisha vyombo hivyo pwani kwa sababu kazi ile ilikuwa nzito mno kwa hali ya hewa ya huku, na Grant akajaribu badala yake kuchora kwa rangi za maji.

Akajaribu. Nalipenda sana neno hilo. Picha zinazotajwa kila mara historia ya njia hii inapoandikwa zilitoka kwa mtu aliyekuwa anajaribu, kwa kuwa chombo chake cha kwanza kilimshinda.

Kwa nini rangi za maji, si za mafuta? Jibu ni mzigo. Mpagazi wa njia hii alibeba kiasi cha frasila mbili, yaani zaidi ya kilo thelathini, na kila kitu cha ziada kilikuwa ni mtu mwingine wa kulipwa na kulishwa. Rangi ya mafuta inataka turubai, fremu, mafuta, na siku nyingi za kukauka. Hebu fikiria kubeba turubai mbichi katikati ya mbu'go na vumbi la watu mia. Rangi ya maji inataka boksi linaloingia mfukoni, kipande cha karatasi, na maji, hata ya kibuyu. Wakati huo viwanda vya London vilikuwa vimekwisha kurahisisha mambo. Tangu mwisho wa karne ya kumi na nane akina Reeves walikuwa wanauza rangi za maji zikiwa vidonge vikavu, na miaka ya 1830 Winsor & Newton wakaja na vidonge laini visivyohitaji kusuguliwa kwa nguvu. Isitoshe maafisa wa jeshi la Uingereza walizoeshwa kuchora ardhi kama sehemu ya kazi: mlima uko wapi, mto unapita wapi, adui atatokea wapi. Paul Sandby, mmoja wa mabingwa wa rangi za maji Uingereza, alifundisha miaka mingi katika chuo cha kijeshi cha Woolwich. Kwa hiyo ile sanaa tunayoiona ya upole, ya maua na machweo, iliingia Afrika ikiwa kwenye mkoba wa askari. Tusijidanganye juu ya hilo.

Grant alifika Kaze wakati wa mvua. Walipokewa na Musa Mzuri, mfanyabiashara Mhindi aliyekuwa na miaka mingi katika njia hiyo. Mji haukuwa na amani: Waarabu walikuwa katika vita na Mnywa Sele, mtemi waliyemwondoa Unyanyembe, na njia zilikuwa zinafungwa na kufunguliwa kufuatana na hali ya vita. Grant akaugua homa. Waliondoka Kaze mwezi Machi, akaugua tena vibaya, Speke akatangulia, naye akabaki nyuma kaskazini ya Unyamwezi. Katikati ya mwaka 1861 alikaa zaidi ya miezi mitatu Ukuni, kwa mtemi Ukulima. Hapo ndipo alipopata kile ambacho msafiri hakipati, yaani muda. Akatazama wafumaji, wahunzi, watwangaji, ngoma. Alikusanya mimea pia, mamia ya aina, ambayo orodha yake ilichapishwa London na jumuiya ya Linnean kati ya 1872 na 1875.

Na tazama mabadiliko aliyokutana nayo mtu huyu mwenye brashi. Januari Tabora maji yako hewani. Ukipaka anga, rangi inakaa mbichi muda mrefu; ukigusa pembeni kwa haraka, wingu linamwagikia mti. Julai mambo yamegeuka. Hewa ni kavu, upepo unapuliza, na rangi uliyoanza kuipaka juu ya karatasi imekauka kabla hujafika chini, inaacha mistari kama ya nguo iliyoanikwa ikiwa na sabuni. Kwa hiyo somo la kwanza la rangi za maji ni saa, kabla hata ya rangi yenyewe. Lazima ujue karatasi yako iko mbichi, nusu mbichi, au kavu, maana kila hali ina kazi yake. Mbichi juu ya mbichi ni kwa mawingu na moshi wa jikoni jioni, vitu visivyo na mpaka. Kavu ni kwa ukingo wa paa la tembe na kivuli cha saa nane mchana. Na brashi iliyokaushwa kidogo, ikikokotwa kwa ubavu juu ya karatasi yenye mikwaruzo, inakupa nyasi za kiangazi bila kuchora unyasi hata mmoja.

Anga lenyewe lina utaratibu wake. Unainamisha ubao kidogo, unachanganya rangi ya kutosha katika kisahani (ya kutosha kweli, maana ikikuishia katikati umekwisha), brashi inajazwa, unapita mstari wa kwanza juu kutoka kushoto hadi kulia. Tone la rangi linajikusanya chini ya mstari. Mstari wa pili unalipokea tone hilo, wa tatu vivyo hivyo, na kila mstari unaongeza maji, hadi huko chini kwenye upeo rangi imekuwa hafifu kabisa. Anga la Tabora ndivyo lilivyo: utosini buluu ya kukolea, na kwenye miombo kule mbali imefifia kwa vumbi. Hairudiwi. Ukirudisha brashi nyuma kurekebisha, umetengeneza doa.

Kuna jambo jingine linalowasumbua wanaoanza, hasa sisi tuliozoea kalamu za rangi shuleni: nyeupe. Mwenye rangi za maji hana nyeupe. Wapo waliochanganya nyeupe nzito, nao wana kazi nzuri, lakini kanuni ya kale ni kwamba nyeupe ni karatasi yenyewe. Ukitaka kuchora mtu aliyevaa kanzu mbele ya ukuta wa udongo, unauchora ukuta, na kanzu unaiacha. Unaanza na vilivyo hafifu, unamalizia na vilivyokolea. Mwandishi wa hadithi fupi anaielewa kanuni hii bila kufundishwa.

Hapa niseme neno kuhusu watu wa njia, kwa maana ukisoma vitabu vya akina Speke utadhani jicho la rangi lilikuja na boksi la London. Si hivyo. Biashara nzima ya Bagamoyo na Ujiji iliendeshwa kwa rangi. Merikani, nguo isiyopaushwa kutoka viwanda vya Marekani, ilikuwa na weupe wake wa maziwa. Kaniki ilikuwa buluu iliyokolea hadi kukaribia weusi. Kuhusu ushanga ndiyo usiseme. Richard Burton, aliyepita Kaze mwaka 1857 na tena 1858, ameorodhesha aina nyingi, kila moja na jina lake na mji wake. Wekundu wa samesame ulipendwa mno hata ukapewa jina la utani lenye maana ya kumaliza chakula, kwa kuwa mtu angetoa chakula chake cha siku ili aupate. Lakini mfanyabiashara aliyebeba wekundu kwenda nchi iliyokuwa inataka buluu mwaka huo alibaki na mzigo wa changarawe. Wanawake wa njia hii waliweza kuwafilisi matajiri wa Unguja kwa kukataa kivuli kimoja cha rangi. Huo ni ujuzi wa rangi ambao chuo cha sanaa kingeuonea wivu, ila haukuandikwa na wenyewe.

Turudi kwa Grant. Alifika mpaka Karagwe, akalala huko miezi kadhaa kwa ugonjwa wa mguu, akavuka Uganda, akashuka na Nile, na mwaka 1863 wakawa Uingereza. Kitabu cha Speke kikatoka mwishoni mwa mwaka huohuo, kimechapishwa na Blackwood wa Edinburgh, na Speke anakiri humo kwamba sehemu kubwa ya picha zake zimetokana na rangi za maji za Grant. Lakini kifungue. Hakuna rangi. Kuna mistari myeusi.

Sababu ni mitambo. Wakati ule picha ndani ya kitabu ilichongwa kwenye ubao wa mti, na ubao unajua wino au hakuna wino, basi. Kabla ya kuchongwa, mchoro wa msafiri ulipitishwa kwa mchoraji wa mjini ili auchore upya kwa namna inayochongeka. Kazi hiyo ilipewa Johann Baptist Zwecker, Mjerumani aliyekuwa akiishi London, hodari wa kuchora wanyama. Zwecker alinyoosha miili, akapanga watu kama wa jukwaani, akaongeza mwendo pale palipokuwa na utulivu. Ipo picha moja ya Grant akicheza ngoma na Ukulima. Jiulize: kama Grant anacheza, aliyeshika brashi ni nani? Picha ile ni ya mtu wa London akiwazia ngoma ya Ukuni. Mwanahistoria wa Finland, Leila Koivunen, alichapisha mwaka 2009 kitabu kizima juu ya jinsi michoro ya wasafiri wa Afrika ilivyogeuzwa ikiwa njiani kuelekea kwa msomaji, na ukikisoma hutazitazama tena picha za namna hii kwa jicho lile la zamani.

Na maneno? Hapo ndipo pananichoma mimi kama mtu wa kalamu. Speke hakuwa mwandishi mzuri; sentensi zake zilimtia hofu mchapishaji. Blackwood akamkodi John Hill Burton, mwanahistoria wa Edinburgh (si yule Burton msafiri, aliyekuwa adui yake), akae na mswada auandike upya. Kwa hiyo kitabu hicho kinachonukuliwa kila mara kuhusu Unyamwezi ya 1861 kina picha zilizochorwa upya na mtu mmoja na maneno yaliyoandikwa upya na mtu mwingine. Sisemi ni uongo. Nasema kimepita mikono, na kila mkono uliacha alama ya vidole.

Michoro halisi ya Grant ipo. Imehifadhiwa Maktaba ya Taifa ya Scotland, mjini Edinburgh. Mchoro wa rangi za maji uliofanyiwa palepale una ushahidi ambao ubao hauna: kijani cha nyasi kinakwambia ni masika au kiangazi, na kivuli kinakwambia ni saa ngapi. Mtu wa Tabora, anayejua miombo inavyochipua majani mekundu kama shaba kabla ya mvua, angeisoma kurasa kwa kurasa kuliko mtaalamu yeyote wa Ulaya. Bahati mbaya nauli ya Edinburgh haipatikani kwa kuuza mashairi.

Basi, tufanye lililo karibu. Kiboksi cha plastiki kinatosha kuanzia, ila karatasi ya daftari itakuangusha, kwa sababu inanywa maji. Nunua manila nene. Iloweshe pande zote, ilaze kwenye ubao, ibane kingo zake nne kwa gundi na vipande vya karatasi, iache ikauke. Itakuwa imevutika kama ngozi ya ngoma na haitajikunja tena ukiipaka. Brashi mbili ni bora kuliko sita: moja pana, moja yenye ncha. Makopo mawili ya maji, la kuoshea na la kuchanganyia, maana maji machafu ndiyo yanayozaa ile rangi ya tope inayoziua picha nyingi. Na rangi tatu tu kwa mwezi wa kwanza, nyekundu, njano na buluu. Kijani kilichomo ndani ya boksi ukiache kabisa, hakuna mti wa Tabora wenye kijani kile.

Tena wapo wanaotengeneza rangi yao wenyewe, na kwetu hili si gumu. Chukua udongo mwekundu, ukoroge katika maji mengi, subiri kidogo mchanga uzame, kisha mimina maji mekundu peke yake kwenye chombo kingine. Rudia mara tatu. Acha yatulie usiku, mwaga maji ya juu, anika kinachobaki. Utapata unga laini kuliko poda. Sasa usage juu ya kioo na gundi ya mgunga iliyoyeyushwa, na tone la asali. Ndiyo, asali, watengenezaji wa zamani wa Ulaya waliitia ili kidonge kisipasuke kikikauka, na sisi tuko katika mkoa ambao asali yake inasifiwa nchi nzima. Wekundu huo ni kutu ya chuma, ndugu wa ule uliotumika kwenye michoro ya miambani kule Kolo, Kondoa.

Lakini kabla hujakimbilia kila chenye rangi, pima kwanza ya David Livingstone. Mwaka 1871 akiwa Nyangwe, ng'ambo ya Tanganyika, aliishiwa karatasi na wino. Akaandika shajara yake juu ya kurasa za gazeti kuukuu, akikatiza mistari iliyochapwa, na kwa wino akatumia maji ya tunda la mzingifuri, lile ambalo mama zetu huliita la kupakia midomo. Alieleza humo mauaji ya sokoni Nyangwe ya tarehe 15 Julai 1871. Baadaye aliyanakili kwa wino mzuri katika daftari kubwa, Stanley akaondoka nalo Kwihara, nje kidogo ya Tabora, Machi 1872. Watafiti huliita Jarida la Unyanyembe. Dunia ikasoma nakala. Kurasa zile za kwanza zilififia mpaka hazikusomeka, hadi timu ya Adrian Wisnicki ilipozipiga picha kwa mianga ya aina mbalimbali na kuzitoa hadharani Novemba 2011, ndipo ikaonekana kwamba Livingstone naye, alipokuwa ananakili, alibadilisha mambo.

Mzingifuri haustahimili mwanga. Ukiupaka leo, utafurahi wiki kadhaa, halafu utabaki na doa la chai. Udongo mwekundu hauendi popote.